Chisanga na Maji Yasiyo Yake

Wenzangu mliobaki kazini, hasa ninyi wa kitengo cha vipimo, siku ya kuniaga mlisema kwamba Mama Yunisi amewafundisha kushuku. Watu wakacheka, nami nikala keki yangu. Nilipofika nyumbani Miyuji nikalitafakari lile neno nikaona hamkunionea. Habari za vyeo na mishahara naziacha. Aliyepanda alipanda, na aliyezungukwa anamjua aliyemzunguka. Nitawaandikia habari za korongo moja tu, Chisanga, maana ndani yake mna karibu kila kitu nilichojifunza, na pia kwa sababu nasikia kuna mtu ofisini anasema faili lake lifungwe. Huyo mtu nina wasiwasi naye.

Chisanga ni mto kwa jina. Sehemu kubwa ya mwaka ni utepe wa mchanga mweupe, na mgeni anaweza kuuvuka akiongea na simu bila kujua kwamba amevuka mto. Unaanzia kaskazini-magharibi ya mji, nyuma ya vilima vya mawe, unashuka kwenye mashamba ya mtama na alizeti, unapita nyuma ya mitaa hii mipya ambayo kila siku inaota nyumba, kisha unakwenda mashariki kuungana na mto mkubwa. Maji yake, yakifika mbali, ni ya Bahari ya Hindi. Lakini ukivuka kilele cha kidakio chake, eneo lote linaloupa maji, upande wa magharibi, yaani ule mstari unaogawa maji, upo kwenye mbuga ambayo maji yake hayajui bahari. Yanakwenda Bahi, yanatuama, yanakauka, yanaacha chumvi.

Mnaposikia neno kilele mnafikiri mlima. Hapo hakuna mlima. Ni tambarare tupu, majani mafupi na vichuguu. Mzee Sadiki, aliyenifundisha kazi, alikuwa akisema ng'ombe akikojoa pale, hujui kama mkojo utakwenda Bahi au Bagamoyo. Nilidhani ni mzaha wa kumchangamsha msichana mgeni kazini.

Mzee Sadiki alikuwa Mrangi wa Kondoa, mwembamba, kofia ya kufuma haimtoki kichwani, mtu wa swala tano na maneno machache. Siku yangu ya kwanza nilikwenda na viatu vya kisigino, kwa sababu barua ilisema ofisi. Akaviangalia. Akasema, "Binti, hivyo viatu vinakwenda harusini. Sawa, twende, mchanga utavijibu." Tulitembea Chisanga kuanzia mwisho wake kupanda juu, maana hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake: mto uanze kuusoma unakokwenda, ndipo uulize unakotoka. Jioni nilirudi pekupeku, viatu mkononi. Hakunicheka. Kesho yake alinikuta nimevaa raba, akaitikia shikamoo yangu kwa furaha kidogo zaidi.

Somo lake kubwa lilikuwa kuhusu watu. Tulikuwa tukiuliza wenyeji maji hufika wapi yakijaa. Mmoja anasema hapa kwenye mkwaju, mwingine anasema hayajawahi kutoka kwenye mchanga tangu azaliwe. Mimi naandika wa kwanza, nafuta, naandika wa pili. Mzee akaniambia, "Usiandike. Jiulize kwanza. Huyu akisema maji yanafika mbali anapata nini, na yule akisema hayafiki anapata nini? Mtu hadanganyi kuhusu maji kwa ubaya wake. Anadanganya kwa shida zake." Kisha akanionyesha majani makavu yaliyonasa kwenye matawi, juu ya kichwa changu. Maji yalikuwa yamefika pale na hakuna aliyetuambia.

Hata visima vya mchangani ni shule. Ninyi mmezoea bomba, lakini kiangazi kikikaza, watu wanachimba kwenye mchanga wa korongo, kila ukoo na kisima chake, wanakizungushia matawi ya miiba. Mgeni akiomba maji anapewa kwenye kata ya kibuyu, haendi kisimani mwenyewe. Ukiomba kuonyeshwa kisima ili upime kina, utaonyeshwa kile kifupi kilichokaribia kukauka. Kile kirefu kiko nyuma ya bonge la mwiba, na hawakuonyeshi mpaka wajue wewe ni mtu wa namna gani. Siwalaumu. Mara nyingi mtu wa ofisi akishaona maji, baada ya muda huja na pampu.

Na vifaa vyenyewe visikudanganyeni. Kipimo cha kina, lile bamba lenye namba tunalosimamisha mtoni, punda wanajikunia hapo likalala upande. Nimewahi kulikuta moja limepigiliwa kwenye mlango wa banda la kuku, namba zikiwa wazi kabisa. Chombo cha kupimia mvua nimekikuta chini ya mti, kwa sababu msomaji, yaani mwenyeji tuliyemwachia akisome, aliona kinapata jua kali. Alikihurumia. Mwaka mmoja wa ukame, kijiji kimoja kiling'oa chombo chetu kikasema bati lile ndilo linalofunga mvua. Nilikasirika nikataka twende kwa afisa tarafa. Mzee Sadiki akawaambia wazee, "Kiwekeni nyumbani kwa mtu mnayemwamini. Mvua ikija, mtakisimika wenyewe." Mvua ilikuja, wakakisimika wenyewe, na kwa jinsi walivyokuwa hawakiamini, walikuwa wakikitazama kila asubuhi. Hatujawahi kupata vipimo vizuri kama vile.

Mzee alistaafu, akarudi Kondoa, baadaye tukaenda kumzika. Nilikaa na kazi yake na mashaka yake, na sidhani kama kuna siku niliyaweka chini.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Miaka michache kabla sijastaafu, Chisanga ilianza kutuletea vipimo vya ajabu. Msomaji wetu pale chini alikuwa Mama Pendo, mjane wa Kigogo, mama mfupi mwenye sauti ya polepole. Nyumba yake ya tofali za kuchoma ilikuwa kwenye ukingo, hatua chache kutoka kwenye kipimo. Aliijenga mwenyewe kwa jasho la alizeti baada ya mumewe kufariki, na alikuwa akiishi na mama yake mzazi, Bibi Ndahani, ambaye miguu ilikwisha kumkataa. Vipimo vya Mama Pendo vilionyesha Chisanga inajaa hata siku ambazo chombo chake cha mvua kilikuwa kikavu. Si kujaa kidogo. Kulikuwa na barabara mpya inapangwa kupita pale, na kalavati lake lilikuwa linapigiwa hesabu kwa vipimo hivyo.

Mimi nikasema kimoyomoyo, anapika namba. Nilijua na sababu yake. Kule kote watu walikuwa wanazungumza fidia, na nyumba iliyo hatarini ina maneno mazuri zaidi mbele ya tathmini kuliko nyumba iliyo salama. Nikamwambia injinia wetu, kijana anaitwa Baraka, kwamba tubadilishe msomaji. Baraka alikuwa na tabia moja nzuri, alikuwa hajibu haraka. Akasema, "Mama, hata mimi mahesabu yananigomea. Mvua ya kidakio chote cha Chisanga haiwezi kutoa maji haya. Lakini kabla hatujamtoa mtu kazini, si tukaangalie?"

Nikaenda bila taarifa. Mtu anayepika ukimpa taarifa anafagia jikoni. Nilimkuta Mama Pendo akipepeta uwele, nikamsalimia mama yake shikamoo, akaniitikia kutoka ndani. Sikuuliza lolote. Nilishuka korongoni nikatazama takataka kwenye matawi, nikatazama alama ya matope ukutani kwa Mama Pendo, upande wa nyuma ambako hata yeye hapiti mara kwa mara. Alama ilikuwa palepale vipimo vyake viliposema. Nikazidi kuingiwa na shaka, maana kama hajapika, basi jambo ni baya zaidi.

Nikabandua lile tope kwa ukucha. Lilikuwa jeusi.

Chisanga haina udongo mweusi. Nilikuwa nimeitembea tangu siku ya viatu vya harusini, na najua inachobeba: mchanga mweupe, na tope jekundu la mashambani. Mweusi ule unaonata, ukikauka unapasuka, ni wa mbugani, na mbuga iko ng'ambo ya ule mstari wa mgawanyo, kwenye maji ya Bahi. Nilisimama pale na lile bonge mkononi. Kuna mtu, niliwaza, anatuma maji yasiyo yake huku.

"Umeona nini, dada Yunisi?" Mama Pendo aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma yangu na ungo wake, sijui tangu saa ngapi.

"Tope," nikasema.

"Tope tu?"

"Tope tu, Mama Pendo."

Akanitazama kwa namna ambayo nilikuwa naijua vizuri sana, kwa sababu ni namna yangu mimi.

Kesho yake mimi na Baraka tulipanda juu mpaka kwenye mgawanyo. Nilikuwa tayari na mtuhumiwa: mwenyekiti wa kitongoji cha kule, ambaye shamba lake linatuama maji kila masika. Nilikuwa na hakika amechimba mfereji wa kulikausha. Tulimkuta, akatukaribisha vizuri mno, nikazidi kumshuku. Nikamwambia nataka kuuona mfereji.

"Mfereji gani, mama?"

"Unaopeleka maji mashariki."

Akacheka, akatupeleka. Hapakuwa na mfereji. Palikuwa na njia ya ng'ombe. Viwanja vilipopimwa upande wa vilimani, ile njia ya zamani ya mifugo ilikatwa, ng'ombe wakaanza kupita mashambani, mtama ukaliwa, watu wakashikiana fimbo, mpaka mmoja akapasuliwa kichwa. Ndipo wakakaa kikao, wafugaji na wakulima, wakakubaliana njia mpya ipite tambarare, pale ambapo hapana shamba la mtu. Ili asiwepo wa kumsingizia mwenzake, wakapanda minyaa pande zote mbili, imesongamana, hata mbuzi hapenyi. Kila siku makundi yakawa yanapita katikati ya minyaa ile kwenda malamboni na kurudi. Kwato zikasaga ardhi, upepo ukapeperusha vumbi, mvua ikasomba kilichobaki. Nilipofika mimi, njia ilikuwa imezama, nikisimama ndani yake minyaa inaanzia usawa wa mabega yangu. Na ilikuwa imekata mgawanyo wa maji kutoka upande hadi upande.

Mwenyekiti akasema, "Hapa hakuna jembe lililogusa, mama. Ni kwato tu."

Baraka alisimika darubini yake ya kupimia, akapima huku na huku. Kichwa cha ile mbuga chote, kikilowa, kilikuwa sasa kinamwagikia Chisanga. Hakuna aliyekusudia. Walikuwa wametafuta amani wakatengeneza mto. Nawaambia ukweli, nilisikitika kukosa mtu wa kumlaumu, kwa sababu mwovu unaweza kumkomesha. Watu waliopatana utawafanyaje?

Tukaitisha kikao. Wakaja wote, wenye fimbo na wenye majembe. Baraka aliwaeleza kwa heshima, wakamsikiliza. Kisha mzee mmoja mfugaji akasimama. "Mwanangu, tumekuelewa. Lakini hii njia ndiyo inayotufanya tusalimiane. Ukiifunga leo, kesho ng'ombe wangu wanapita kwa huyu." Akamwonyesha jirani yake mkulima, na jirani akatikisa kichwa kukubali kwamba, naam, kesho atampasua. Mwishowe wakasema njia itahamishwa baada ya mavuno, watajaza mawe pale palipozama. Wote wakanyoosha mikono. Mimi mikono ikinyooshwa haraka namna ile huwa naanza kutafuta pochi yangu niondoke.

Kwa hiyo lililobaki ni Mama Pendo na mama yake. Kabla ya masika njia isingefungwa, na nyumba ile ilikuwa imesimama kwenye kinywa cha mto. Nikaenda nikamweleza yote, tope, minyaa, mbuga. Nikamwambia, "Hama, Mama Pendo. Una kaka yako Nzuguni. Mpeleke bibi kule kabla mvua hazijashika."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akachukua kiti chake akakisogeza nyuma kidogo.

"Dada Yunisi, wewe una kiwanja?"

"Ninacho, Miyuji."

"Una watoto?"

"Nina watoto."

"Wana viwanja?"

Nikaelewa anakokwenda. "Mama Pendo, sitaki kiwanja chako."

"Hakuna anayesema anataka," akajibu, polepole kama kawaida yake. "Kule ng'ambo ya korongo walikuja watu wazuri tu, wakasema hapa ni hatari, hapa ni hifadhi ya mto, hameni. Wamehama. Nenda kaangalie leo nani kajenga ghorofa. Wewe umekuja kunichunguza ukutani bila hodi, ukaniambia tope tu. Sasa unaniambia maji ya Bahi yatakuja kwangu. Maji ya Bahi, dada. Mimi nimezaliwa hapa. Maji ya Bahi yanakwenda Bahi."

Aliyoyasema kuhusu ng'ambo yalikuwa kweli, na kama ningekuwa yeye, ningeshafunga mlango. Nikamwomba Mzee Sadiki huko aliko anisaidie, nikakumbuka jinsi alivyowaachia wale wazee chombo chetu. Sikumwomba Mama Pendo aniamini. Nilimwomba anishuku vizuri.

"Tafuta kitu kinachoelea," nikamwambia. "Kiwe chako, ukitie alama yako ambayo mimi siijui. Siku wingu likifunga magharibi, upande juu ukakitupe mwenyewe kwenye maji ya mbugani, ng'ambo ya mgawanyo. Kikienda Bahi, mimi ni mwizi wa viwanja. Kikija hapa, utaamua."

Aliwaza. Akasema, "Na wewe utakuwa wapi?"

"Popote unapotaka."

"Utakaa hapa na mama yangu. Kama hayo maji yapo, yakukute hapahapa."

Nikakubali. Nikaona huyu angefaa kuwa mkuu wa kitengo.

Alitengeneza vibuyu vidogo, akavichoma alama kwa chuma cha moto, akaviziba kwa nta. Hakunionyesha hata kimoja. Masika yalipoanza, siku moja mchana wingu jeusi lilisimama magharibi, akapanda gari la ofisi na Baraka wakaenda. Hata Baraka hakumwamini sana, akakaa kiti cha nyuma na kikapu mapajani. Mimi nikabaki na Bibi Ndahani.

Kule kwetu jua lilikuwa linawaka. Mchanga wa Chisanga mweupe, mbuzi wamelala ndani yake. Nilimtoa bibi nje kwenye kivuli cha ukuta, tukakaa. Akaniuliza mimi ni wa ukoo gani, nikamwambia. Akaniuliza kwa nini nimekonda, nikamwambia ni kazi. Simu ikalia, ni Baraka: kule mvua haionyeshi mtu na mtu, Mama Pendo ameshatupa vibuyu vyake, na barabara imejaa tope kwa hiyo watachelewa. Nilisimama nikaangalia korongo. Kavu. Nilianza kujishuku mimi mwenyewe. Huenda lile tope lilibebwa na kwato. Huenda tulipima vibaya. Nawaambia niliona raha kidogo kwa wazo hilo.

Mbuzi ndio walioanza. Wakanyanyuka, wakapanda ukingo, hata mmoja hakubaki. Bibi akasema, "Wamesikia." Kisha nami nikasikia, mkwaruzo kama wa watu wengi wanaoburuta kuni. Maji yalikuja kwenye kona yakiwa na povu na vijiti mbele, meusi, kwenye jua kali bila wingu juu yetu. Kwanza yalijaza mchanga tu. Nikaenda nikasoma kipimo, kazi ni kazi. Niliporudi kusoma tena, namba za chini zilikuwa zimezama, na kitu kidogo cha mviringo kilikuwa kinagonga lile bamba, kinarudi, kinagonga tena. Nikakiokota. Kingine kikapita katikati ya mkondo, na kingine.

Sikusubiri cha nne. Maji yalikuwa yameanza kuulamba uwanja. Nikamwambia bibi tunaondoka, nikambeba mgongoni, akashika shingo yangu. Nilikuwa mzee mwenyewe, na alikuwa mwepesi kiasi kwamba niliona uchungu. Tulipanda mpaka kwenye mwamba nyuma ya nyumba, nikamketisha, nikamfunika khanga yangu. Maji yaliingia mlango wa mbele yakatulia ndani, hayakwenda zaidi siku ile. Bibi aliyatazama akasema kwa utulivu, "Haya siyajui."

Mama Pendo alifika jua likiwa limepungua, maji yameanza kushuka. Alikuja kwanza kwa mama yake, akamshika miguu, akamshika uso. Kisha akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa kile kibuyu. Alitoa kingine kutoka kwenye kikapu, ambacho alikuwa amekibakiza ili nisije nikatengeneza cha bandia, akavilinganisha alama, akavigeuza, akakinusa changu kwenye nta. Baraka alitaka kusema kitu, nikamkanyaga mguu.

"Nta ni yangu," Mama Pendo akasema mwishowe.

Wiki ile alimpeleka mama yake Nzuguni kwa kaka yake. Yeye mwenyewe alikawia kuiacha nyumba, analala kule na kurudi mchana kupalilia, kufagia uwanja, kusoma kipimo. Vipimo vyake vilibaki safi mpaka siku ya mwisho, na nawaomba mvitumie kama vilivyo, msije mkavikata ili kalavati liwe dogo.

Mavuno yalipita. Kule juu walipanga mawe kidogo, picha zikapigwa, ng'ombe wakapita kando ya mawe. Baraka aliandika, mimi nikaandika, kisha siku yangu ya kustaafu ikafika, mkanikatia keki. Njia bado ipo. Wanasalimiana vizuri sana kule.

Masika yaliyofuata, wingu liliposhika magharibi, Mama Pendo alinipigia simu akasema anakwenda kuangalia nyumba yake, kama nina nafasi. Nilichukua bodaboda nikamkuta amekaa kwenye ule mwamba. Alikuwa ameshang'oa milango na madirisha, lakini mabati alikuwa ameyaacha juu, na uwanja ulikuwa umefagiwa. Nikakaa karibu naye. Maji yalikuja meusi, mengi kuliko yale. Hayakuwa na haraka. Yaliula msingi upande wa jikoni, ukuta ukaketi chini taratibu, paa likainama, kisha upande wote ukaenda. Tofali zilionekana kidogo, nyekundu ndani ya weusi, halafu hazikuonekana.

Hakulia. Alikunja kitenge chake vizuri kwenye magoti.

"Dada Yunisi, mwaka mzima huu nimekuwa nakuombea kanisani," akasema. "Naomba uwe mwongo."

Nikamwambia hata mimi nilikuwa naomba hivyohivyo. Alinigeukia akanitazama muda mrefu, na nikaona kabisa kwamba hakuniamini.